Bodaboda au Lori? Ukubwa wa Bloku katika Kuhifadhi Kopasi

Wengi wetu tunaoshughulikia kopasi, yaani mikusanyo ya matini kwa ajili ya uchanganuzi wa lugha, hujali programu tukasahau diski. Makala haya yanaeleza hasara ya usahaulifu huo.

Wanafunzi wetu walikusanya mazungumzo ya wachuuzi mjini Busia, pande zote mbili za mpaka, na Tororo. Maandishi yalikuwa faili 10,000 za takriban kilobaiti 2 kila moja. Jumla megabaiti 20. Diski yao ya mkononi ya gigabaiti 64 ilikuwa imebakiza gigabaiti 1, lakini ilijaa kabla faili hazijaisha kunakiliwa. Ili kupata nafasi, walifuta rekodi za sauti za Tororo, ambazo hazikuwa na nakala nyingine. Maneno yamebaki, lafudhi ya Kiteso na Kijopadhola imepotea.

Chanzo ni nini? Diski hugawanywa katika vipande vya ukubwa sawa viitwavyo bloku, na faili mbili hazikai katika bloku moja. Kwa mfumo wa exFAT, mtumiaji asipochagua mwenyewe, Windows huipa diski inayozidi gigabaiti 32 bloku za kilobaiti 128. Hivyo faili 10,000 ndogo huhitaji kilobaiti 1,280,000. Kwa bloku za kilobaiti 4, ambazo ni kawaida ya NTFS, zingehitaji megabaiti 40 tu.

Jina bodaboda lilizaliwa mpakani huko huko, nalo latufaa kama mfano. Bloku ndogo ni bodaboda: kikapu kimoja chaitosha, ila shehena kubwa huhitaji safari nyingi. Bloku kubwa ni lori la Malaba: hubeba mengi kwa mkupuo, lakini likipewa kikapu kimoja husafiri karibu tupu.

Kwa hiyo, faili nyingi ndogo zihifadhiwe kwa bloku za kilobaiti 4. Sauti, video na hifadhidata kubwa zinazosomwa mfululizo zafaa kilobaiti 64 au zaidi. Microsoft hupendekeza 64 kwa data za SQL Server. Bora zaidi, matini ndogo ziunganishwe katika faili chache kubwa, kila mazungumzo yakiwekewa alama ya mahali na msemaji.

Bloku huchaguliwa wakati wa kufomati, na kufomati hufuta kila kitu. Basi nakilini kwanza. Na kabla ya kufuta sauti ya mtu yeyote, fungueni sifa za folda mlinganishe ukubwa wa faili na nafasi zinayokalia kwenye diski.