Mikoko ya Gazi: Nani Hufanya Nini, na Pesa Huenda Wapi

Mgeni anayefika Gazi, takriban kilomita 55 kusini mwa Mombasa, huonyeshwa vitu viwili ambavyo wenyeji hawavitenganishi: msitu wa mikoko ulio kando ya kijiji na mifereji ya maji. Sehemu ya fedha zilizoleta maji hayo ilitokana na msitu huo, ingawa hakuna hata boriti moja iliyouzwa. Kilichouzwa ni kazi ambayo miti hufanya ikiwa imesimama.

Mikoko hufyonza hewa ya ukaa, ile inayoongeza joto duniani, na kuihifadhi katika shina, mizizi na zaidi ya yote katika matope. Ndiyo maana hekta moja ya mikoko huweka kaboni mara kadhaa kuliko hekta moja ya msitu wa bara. Msitu ukikatwa na matope yakafukuliwa, hewa hiyo hurudi angani. Kampuni, taasisi na watu binafsi walio mbali, wanaotaka kufidia uchafuzi wao, hulipa ili msitu usikatwe. Kila tani ya hewa iliyozuiwa huuzwa kama krediti moja ya kaboni.

Mradi wa Mikoko Pamoja, unaomilikiwa na vijiji vya Gazi na Makongeni, ulipata kibali cha kuuza krediti hizo mwaka 2013. Unalinda hekta 117, na umeidhinishwa kwa miaka 20 kuuza takriban tani 3,000 kwa mwaka. Ulikuwa miongoni mwa miradi ya kwanza duniani ya kijamii kuuza kaboni ya mikoko, na mwaka 2017 ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP). Wengi wamesikia habari ya tuzo. Habari isiyosimuliwa sana ni ya mgawanyo wa kazi uliowezesha mradi kusimama, nayo ndiyo inayowafaa wakazi wa maeneo mengine ya kaunti.

Marufuku peke yake haikutosha

Mikoko ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Hilo halikuzuia shoka. Fito, mapau na boriti ziliendelea kujenga nyumba, na katika miaka ya 1970 miti ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwandani. Sehemu nyingine zilibaki uwanda mtupu wa matope na chumvi. Kukawa na marufuku ya kusafirisha mikoko nje ya nchi, kisha marufuku za kukata humu nchini, zikiwekwa na kuondolewa. Mlinzi mmoja wa misitu hawezi kukesha katika kila mlango wa bahari, na mtu anayehitaji kuezeka nyumba hasubiri sheria ibadilike.

Mapema miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), akiwemo James Kairo, walianza kupanda mikoko upya Gazi pamoja na wenyeji. Miche mingine ilikufa, mingine ikashika. Kwa hiyo, kufikia wakati wazo la kuuza kaboni lilipokuja, watafiti na wanakijiji walikuwa wamekwishafahamiana kwa takriban miaka ishirini. Pengine hilo ndilo jambo gumu zaidi kuigwa, maana hakuna bajeti inayoweza kununua miaka ya kujuana.

Kila mmoja na kazi yake

Msitu ni wa umma, na vijiji haviwezi kuuza kitu kisicho chao. Mlango ulifunguliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, iliyoruhusu jamii kusajili chama cha misitu na kuingia mkataba wa usimamizi wa pamoja na Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS). Sheria ya mwaka 2016 iliendeleza utaratibu huo. Bila mkataba huo, Mikoko Pamoja isingekuwa na haki ya kupokea hata shilingi moja.

KMFRI ndiyo yenye ujuzi wa kupima. Unene wa miti hupimwa katika vipande maalumu vya msitu na visiki vipya huhesabiwa, na vijana wa kijiji wamefunzwa kushiriki kazi hiyo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, Uskoti, walisaidia upande wa sayansi. Shirika la Plan Vivo hukagua taarifa na kutoa vyeti, na shirika la hisani liitwalo ACES hutafuta wanunuzi na kutuma fedha. Msitu ukiharibiwa, krediti hupungua, na fedha za mwaka unaofuata hupungua pia.

Wanakijiji nao hupanda, hulinda doria, na hasa huamua. Fedha hazigawiwi mtu mmoja mmoja. Kamati iliyochaguliwa hupeleka mapendekezo kwenye baraza, na wakazi wa vijiji viwili hujadili kipi kitangulie. Maji yalichaguliwa. Vitabu na ukarabati wa shule pia vilichaguliwa. Mabaraza kama hayo huchosha, na si kila mtu hutoka akiwa ameridhika, lakini kila aliyeketi pale anajua kiasi kilichoingia na kilikokwenda.

Serikali ya kaunti, kwa kweli, haikuwepo mradi huu ulipobuniwa. Kaunti zilianza kazi mwaka 2013, mwaka uleule wa kibali. Lakini maji na usafi ni majukumu ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba. Bomba lililolipiwa na fedha za kaboni linahitaji fundi, vipuri na mpango wa wadi ili lisikauke pampu inapoharibika. Elimu ya msingi iko chini ya serikali ya kitaifa, na misitu iko chini ya KFS. Mwananchi hana haja ya kukariri mipaka hiyo, lakini viongozi wanaoketi naye wanapaswa kuijua.

Kuni zitoke wapi?

Mradi wowote wa kulinda msitu una watu wanaopoteza. Gazi walikuwa wakataji miti, wajenzi, na akina mama karanga wanaokaanga samaki kwa kuni kila siku. Kama wangeambiwa tu waache, wangehamia msitu wa jirani, na hewa ingeendelea kupanda angani kutoka upande mwingine wa ghuba. Kwa sababu hiyo mpango ulijumuisha kupanda mivinje nchi kavu, inayokua haraka, ili itoe kuni na miti ya kujengea. Ni sehemu isiyopigwa picha sana, lakini bila mivinje, hesabu yote ya kaboni ingekuwa na tundu.

Wavuvi hawakuhitaji kushawishiwa sana. Kaa, kamba na samaki wengi wadogo hukulia kwenye mizizi ya mikoko.

Ni vyema pia kusema wazi kwamba fedha hizi si utajiri. Tani 3,000 kwa mwaka, baada ya kuondoa gharama za upimaji, ulinzi na usimamizi, hutosha mradi mmoja au miwili ya maana kijijini. Haziwezi kuchukua nafasi ya bajeti ya kaunti, na bei ya kaboni hupanda na kushuka.

Kabla ya kutia sahihi

Vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, vimefuata mfano huu katika eneo kubwa zaidi, takriban hekta 460. Kwale ina zaidi ya hekta 8,000 za mikoko, kwa hiyo si ajabu madalali wa kaboni wakibisha hodi katika vijiji vingine. Wengine huja na karatasi nzuri na haraka nyingi.

Tangu Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi irekebishwe mwaka 2023, mradi wa kaboni ulio kwenye ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Jamii hupata angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, baada ya gharama kuondolewa, ikiwa mradi unategemea ardhi. Serikali ya kitaifa na ya kaunti zinatakiwa kusimamia mazungumzo ya mkataba huo, nao huwekwa katika sajili ya kitaifa ya kaboni.

Neno “gharama” ndilo la kuchunguzwa. Mkazi aliye barazani anaweza kuuliza: gharama zipi zitaondolewa kwanza, na nani atazikagua? Mkataba ni wa miaka mingapi, na nani anaweza kuuvunja? Nani atapima msitu, na je, kijana wa hapa atafunzwa? Wanaokata kuni leo watapata wapi kesho? Mkataba ukiwa kwa Kiingereza pekee, jamii ina sababu nzuri ya kudai usomwe na kuelezwa kwa Kiswahili au Kidigo kabla ya mtu yeyote kuweka kidole.

Kijiji kilichofikiwa na kampuni ya kaboni kinashauriwa kutotia sahihi kabla ya kupeleka nakala ya mkataba kwa ofisi ya msimamizi wa wadi na idara ya mazingira ya kaunti. Kama msitu ni wa serikali, ofisi ya KFS iliyo karibu nayo ijulishwe, na chama cha jamii cha misitu kishirikishwe tangu mkutano wa kwanza.