Moyo ulimgomea Aguero, Eriksen akarudi dimbani

Desemba 15, 2021, Sergio Aguero alimwaga machozi Camp Nou. Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio yalimlazimisha kutundika daruga akiwa na miaka 33 tu.

Juni mwaka huohuo, Christian Eriksen alianguka uwanjani Denmark ikicheza na Finland. Akapandikizwa kifaa kifuani kinachoushtua moyo ukienda kombo. Italia hawaruhusu mchezaji mwenye kifaa hicho, akaachana na Inter Milan, akaibukia Brentford. Euro 2024 akaitungua Slovenia.

Aguero naye hakujifungia ndani. Mwaka 2023 alikuwa rais wa Kunisports, timu ya Kings League.

Ndugu yangu, kizunguzungu kikikupata mazoezini, usijikaze kisabuni. Toka nje, kamwone daktari. Mechi zipo, moyo ni mmoja.