Kupiga Hesabu ya Mkopo Kabla ya Kununua Nyumba

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana madukani, lakini mtu wa Kenya atakaye kununua nyumba kwa mkopo anaihitaji kuliko mwenye duka, maana deni la nyumba huweza kumfuata mtu hata karibu na siku ya kustaafu.

Wengi huuliza bei ya nyumba tu. Swali kubwa ni hili: kila mwisho wa mwezi zitatoka shilingi ngapi, na kwa miaka mingapi? Jawabu hutegemea mambo matatu, yaani kiasi cha mkopo, riba, na muda wa kulipa.

Mfano ni huu. Karani mwenye mshahara wa Sh. 75,000 akopa Sh. 2,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, ndiyo asilimia 1 kwa mwezi. Akilipa kwa miaka 10, atatoa karibu Sh. 28,700 kila mwezi. Akilipa kwa miaka 20, atatoa karibu Sh. 22,020. Miaka 20 yaonekana kuwa nafuu, lakini jumla ya malipo yake ni karibu Sh. 5,285,000, na ya miaka 10 ni karibu Sh. 3,443,000. Nafuu hiyo ya kila mwezi hununuliwa kwa zaidi ya Sh. 1,800,000.

Sababu yake si siri. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni Sh. 20,000; basi katika zile Sh. 22,020, ni Sh. 2,020 tu zinazopunguza deni lenyewe.

Tena riba nyingi hubadilika. Ikiwa asilimia 15, mkopo huo huo wa miaka 20 hudai karibu Sh. 26,340 kwa mwezi. Mwenye busara hupiga hesabu kwa riba hiyo ya juu, kisha hutazama kama kilichobaki chatosha unga, nauli na karo za watoto. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 hairuhusu makato kupita theluthi mbili za mshahara, lakini huo ni mpaka wa sheria, si kipimo cha jikoni.

Asisahau pia ushuru wa stempu, ambao kwa kawaida ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, pamoja na ada ya wakili, ya mthamini, na bima.

Kabla ya kutia sahihi, yafaa ajaribu kwa miezi sita: aweke akiba tofauti iliyopo kati ya kodi alipayo na malipo ya mkopo anaoutaka. Akishindwa, atakuwa amechelewa tu, na akiba yake ingali mkononi. Akishindwa baada ya kutia sahihi, benki ikiisha kumpa ilani zitakiwazo na sheria yaweza kuiuza nyumba, na jamaa yake wote wakatoka humo.