Msafara wa jangwani: wingi wa magari si kinga

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya mchezo ambao miaka hii umewavutia vijana wetu wengi, hasa wale wanaofanya kazi Muscat, Dubai na miji mingine ya Ghuba. Siku ya mapumziko ikifika, magari sita, manane au kumi yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne hukusanyika, na watu huingia jangwani kupanda na kushuka vilima vya mchanga. Jioni hupigwa picha, nyama huchomwa, na watu hurudi mjini. Hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale mgeni wa mchezo huu anapouliza, "Nichukue nini?" akajibiwa, "Wewe njoo tu, tuko wengi."

Tuko wengi! Neno hilo ndilo ninalotaka tulipime leo. Ni kweli kwamba umoja ni nguvu. Lakini magari kumi yenye madereva kumi wasiojua kitu hayana nguvu ya kumi. Yana hatari kumi zinazofuatana kwa mstari mmoja.

Tuchukue mfano wa mchanga wa Sharqiya nchini Oman, ambao wengi bado wanauita mchanga wa Wahiba. Uko zaidi ya kilomita 200 kutoka Muscat, na wasafiri wengi huingia kupitia mji wa Bidiya. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 12,500. Msikilizaji wa Zanzibar anaweza kupiga hesabu mwenyewe: kisiwa cha Unguja kinaingia humo mara saba, na nafasi inabaki. Baadhi ya vilima vyake vina kimo cha mita 100. Wakati wa kiangazi joto hupanda kupita nyuzi 45. Watu wengi wa Muscat wana asili ya Zanzibar na Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwao, kwa hiyo ndugu anayetoka huku kwenda kutembea hapati taabu ya kukaribishwa. Anakaribishwa mpaka huko mchangani.

Basi mgeni huyu anahitaji kujua nini? La kwanza ni upepo wa matairi. Dereva wa mjini amefundishwa kwamba tairi lililolegea ni aibu. Jangwani ni kinyume chake. Mtazame ngamia na punda. Kwato ya punda ni ndogo na ngumu, huzama. Wayo wa ngamia ni mpana na laini. Akikanyaga unatanuka, na uzito wake unagawanyika juu ya mchanga. Tairi lenye upepo wa 35 ni kwato ya punda. Ukilipunguza mpaka 18 au 15, linalala chini, alama yake inarefuka karibu mara mbili, nalo linakuwa wayo wa ngamia.

Jambo hili si geni. Ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza aliyeitwa Ralph Bagnold alikuwa akiendesha magari madogo ya Ford katika jangwa la Misri na Libya kwenye miaka ya 1920 na 1930. Yeye na wenzake ndio walioonyesha kwamba gari la kawaida linaweza kuvuka mchanga mwepesi ikiwa upepo wa matairi utapunguzwa, na ikiwa watu watabeba vipande virefu vya chuma vya kutandika chini ya magurudumu yaliyokwama. Mwaka 1941 alitoa kitabu juu ya jinsi upepo unavyosukuma mchanga, na wataalamu wanakitumia hadi leo. Kwa hiyo anayekwambia kwamba jangwa linataka gari la fedha nyingi, mwulize Bagnold alikuwa na gari gani.

Lakini angalieni. Tairi lililopunguzwa upepo halipendi kukatwa kona kwa ghafla. Linaweza kuchomoka kwenye ringi. Wala halifai kwenye lami. Likikimbizwa kwenye lami hupata moto na kupasuka. Ndiyo maana kipimo cha upepo na pampu ya kujazia si mapambo. Asiye navyo atapunguza, halafu atarudije mjini?

La pili ni umbo la kilima chenyewe. Upande unakotoka upepo, kilima hupanda polepole, na mchanga wake ni mgumu kidogo. Upande wa pili hushuka ghafla, kwa pembe ya nyuzi thelathini na kitu, na mchanga wake ni mwepesi. Dereva anayepanda anaona mbingu tu mbele yake. Hajui kama nyuma ya ukingo kuna mteremko, shimo, ngamia, au mwenzake aliyekwama. Anayeruka ukingo kwa mbio ili achekeshe watu huenda akamwangukia mwenzake kichwani. Ndiyo sababu magari ya jangwani hufungwa bendera kwenye mlingoti mrefu, ionekane kabla ya gari. Na ndiyo sababu gari la pili halipandi mpaka la kwanza limevuka na kutoa taarifa kwa redio kwamba njia iko wazi.

Ukishindwa kufika juu, usigeuze gari katikati ya kilima. Gari lililosimama kwa ubavu kwenye mteremko ni kama mtumbwi uliopigwa na wimbi la ubavuni: linapinduka. Rudi nyuma, moja kwa moja, kwa kufuata alama zako mwenyewe. Na ukishuka, shuka moja kwa moja, gia ya kwanza au ya pili, bila kukanyaga breki kwa nguvu. Mkia wa gari ukianza kukuzunguka, elekeza usukani chini kwenye mteremko na kanyaga mafuta kidogo, gari linyooke. Mtu wa mjini moyo wake utamwambia afunge breki. Asiusikilize.

La tatu ni kukwama. Kila mtu hukwama, hata bingwa. Tofauti ya bingwa na mgeni ni kwamba bingwa akihisi gari linazama huacha mafuta papo hapo. Mgeni hukanyaga zaidi, magurudumu yanachimba, na baada ya nukta chache gari limelala kwa tumbo. Sasa kazi ni ya sepetu: ondoa mchanga mbele ya magurudumu, ondoa na ule ulio chini ya tumbo, punguza upepo tena kidogo, kisha jaribu kurudi ulikotoka, maana huko mchanga umeshashindiliwa.

Kama ni lazima kuvutwa, hapo nawaomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu hufa wakiwa wanacheka. Kamba ifungwe kwenye ndoano au tundu lililounganishwa na chasisi. Isifungwe kamwe kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela. Kile hakikutengenezwa kwa kazi hiyo; kikikatika wakati kamba imevutika hutoka kama risasi, na watu wameuawa hivyo. Watandike blanketi au koti zito juu ya kamba, ili ikikatika isiruke mbali. Watazamaji wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba, si kujipanga pembeni na kamera.

La nne ni msafara wenyewe. Kiongozi anayeijua njia hukaa mbele. Nyuma kabisa hukaa mtu mwingine mzoefu, mwenye vifaa vya kuokoa, na hakuna gari linaloruhusiwa kubaki nyuma yake. Wageni huwekwa karibu na kiongozi, wapite katika alama zake, si kutupwa mkiani. Halafu iko sheria moja ambayo ndiyo uti wa mgongo wa msafara wote: kila dereva ana dhamana ya gari lililo nyuma yake. Ukitazama kioo usilione, unasimama. Aliye mbele yako naye hakuoni, anasimama. Hivyo habari inafika kwa kiongozi hata kama redio zimeharibika. Na kila kituo magari yahesabiwe.

Mnaweza kudhani hayo ni mambo ya kitoto. Mwezi wa Januari 1982, Mark Thatcher, mtoto wa Bibi Margaret Thatcher aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza wakati ule, alipotea katika Sahara, upande wa Algeria, akishiriki mashindano ya magari ya Paris hadi Dakar. Gari lao liliharibika, wakasimama kulitengeneza, wenzao wakaendelea mbele. Yeye na wenzake wawili walipatikana baada ya siku kadhaa na ndege ya jeshi la Algeria, kiasi cha kilomita 50 nje ya njia. Walikuwa hai. Tazameni basi: magari mengi, mashindano yenye jina duniani, mtoto wa mkubwa, na bado mtu aliachwa nyuma.

Hapo tunapata la tano. Ukipotea, kaa na gari lako. Gari lina kivuli, lina vioo vya kumulikia jua, na mtu aliye ndani ya ndege huliona kwa urahisi kuliko kumwona binadamu anayetembea. Anayeliacha gari na kwenda kwa miguu kutafuta msaada mchana wa jua kali, mara nyingi gari ndilo linalopatikana kwanza.

Na maji? Msibebe chupa mbili za dukani mkasema yatatosha. Wekeni walau lita 5 kwa mtu mmoja kwa siku moja, na akiba ya siku nyingine, hata kama safari ni ya saa tatu. Mafuta yajazwe tangi zima kabla ya kuiacha lami, maana mchangani gari hula mafuta mengi kuliko barabarani. Mikanda ifungwe na kila mtu, mtoto na mkubwa. Jeki, mtungi wa gesi na sanduku la vinywaji vifungwe kwa kamba. Gari likipinduka, jeki iliyolegea ni nyundo inayoruka. Mwenzenu akianza kuumwa kichwa, kutapika au kusema maneno yasiyoeleweka, msimtanie. Joto limempanda. Mwekeni kivulini, mlowesheni maji, mpepeeni, na safari ya hospitali ianze. Namba ya polisi wa Oman ya dharura ni 9999, lakini simu ya mkononi haishiki kila mahali. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, mwachieni mtu wa nyumbani maandishi: mmepita wapi, mko wangapi, mtarudi saa ngapi, na saa ngapi aanze kuwatafuta.

Wasikilizaji wa Nairobi nao wasione kwamba haya ni ya Waarabu. Siku hizi lami inafika Marsabit hadi Moyale, na misafara ya mjini inakwenda mpaka Chalbi. Lakini Chalbi si vilima vya mchanga. Ni ziwa lililokauka. Juu kuna ganda jeupe la chumvi lililo tambarare kama sakafu, na mvua ikinyesha, chini yake ni tope. Huko kupunguza upepo peke yake hakukuokoi. Kinachokuokoa ni kumwuliza mwenyeji, Mgabra anayechunga ngamia zake hapo, kama njia ya leo inapitika. Kuuliza si ujinga.

Mwisho, ndugu wasikilizaji, vifaa vyote nilivyovitaja vinanunuliwa. Kuna kimoja hakinunuliwi, nacho ni ulimi wa kusema, "Kilima hiki siwezi, nitazunguka." Vijana wengi hawapinduki kwa kukosa sepetu. Wanapinduka kwa kuona haya mbele ya wenzao. Aliye nyuma anapiga honi, mwingine anashika kamera, na dereva wa wiki ya kwanza anakanyaga mafuta kuelekea ukingo ambao hajui nyuma yake kuna nini.

Kwa hiyo mwenye kualika ana wajibu kabla ya mwenye kualikwa. Ukimwita mgeni, mpe orodha ya vifaa siku tatu kabla, mkaguzie gari lake, mwonyeshe ndoano ya kuvutia iko wapi, na mwambie mbele ya watu wote kwamba akisema hawezi hakuna atakayemcheka. Kiongozi asiyeweza kusema hivyo, basi msimfuate. Na wewe mgeni, ukifika penye mkusanyiko ukakuta hakuna anayejua nani yuko mbele, nani yuko nyuma, na magari ni mangapi, geuza gari urudi nyumbani. Jangwa lilikuwako kabla yetu. Wiki ijayo litakuwapo pale pale.

Kwaherini, mpaka wiki ijayo.