Jiwe la Bilauri na Ujira wa Elimu

Neno bilauri si geni katika nyumba zetu. Mama akimtuma mtoto alete maji ya mgeni, humwambia ayatie katika bilauri, na mtoto huenda bila ya kuuliza. Lakini neno hilo, kabla ya kuwa jina la chombo, lilikuwa jina la jiwe. Waarabu waliliita hivyo lile jiwe safi lipenyezalo nuru, ambalo wataalamu wa madini huliita kwatsi. Chombo kilirithi jina la jiwe kwa kufanana nalo. Nasi tukalipokea jina, tukalisahau jiwe.

Wala jiwe lenyewe halikuwa mbali nasi. Mwanachuoni Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, aliandika katika uzee wake kitabu kizima juu ya vito na madini. Yeye hakuridhika kuyatambua mawe kwa rangi tu, maana rangi hudanganya. Aliyapima kwa mizani na kwa maji, akalinganisha uzito wa kila jiwe na uzito wa maji liliyoyamwaga. Katika kitabu hicho anaeleza kwamba vipande vya bilauri vilipelekwa Basra kutoka visiwa vya Zanj, yaani upande huu wetu wa bahari, na huko mafundi wakavichonga vyombo.

Kisha anaongeza jambo ambalo yafaa kila mmoja wetu alitafakari. Katika karakana hizo alikuwapo mkadiriaji, ambaye kazi yake ilikuwa kulitazama kila pande la jiwe, kuamua ni chombo gani kinachofaa kutoka humo, na kuliandika hilo juu ya jiwe lenyewe. Mafundi walifuata alama zake. Mkadiriaji huyo alilipwa ujira uliozidi wa mafundi mara nyingi, kwa ajili ya tofauti iliyopo baina ya elimu na kazi ya mikono. Hiyo ilikuwa Basra, yapata miaka elfu iliyopita.

Sasa na tuliangalie jiwe lenyewe. Kwatsi ni muungano wa silikoni na oksijeni, vitu viwili vilivyo vingi kuliko vingine vyote katika gamba la dunia. Ni gumu kiasi cha kukwaruza kioo. Jamaa zake ni wengi: akiki ya pete, gumegume lililokuwa likitoa cheche katika bunduki za zamani, na sehemu kubwa ya mchanga tunaojengea. Wachimbaji wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa wanaujua vyema ule mkanda mweupe wanaoufuata chini ya ardhi. Nao ni kwatsi. Na kule Haneti, katika Mkoa wa Dodoma, hupatikana jamaa yake mwenye rangi ya kijani nzuri, aliyoipata kwa chembe za nikeli.

Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele, kwatsi ikiwa mojawapo, zikibanwa hutoa umeme. Baadaye ikadhihirika kuwa kinyume chake ni kweli pia: zikitiwa umeme hutetemeka. Bamba jembamba la kwatsi hutetemeka kwa kipimo kisichoyumba, na kadiri linavyokuwa jembamba ndivyo mitetemo inavyozidi. Kwa sababu hiyo likawa ndio moyo wa redio, na baadaye wa saa. Saa nyingi za mkononi zina kipande cha kwatsi kitetemekacho mara 32,768 kila sekunde.

Ilipozuka Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Marekani yalihitaji mabamba hayo kwa mamilioni. Mawe yalitoka hasa Brazili. Lakini jiwe zuri kwa macho laweza kuwa na kasoro ndani, fuwele mbili zikiwa zimeota pacha. Tena bamba likisagwa kupita kiasi mitetemo yake huzidi, na hakuna awezaye kurudisha unga juu ya jiwe. Mtaalamu wa madini Clifford Frondel, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, aligundua dawa yake: bamba likimulikwa kwa eksirei hubadilika rangi likawa la moshi, na mitetemo yake ikashuka kidogo. Hivyo mabamba yaliyohesabiwa kuwa yameharibika yakarudishwa kazini. Mwaka 1962 Frondel alitoa kitabu kikubwa juu ya kwatsi na jamaa zake peke yao, na mawe yaliyoletwa kutoka mwezini mwaka 1969 yalipofika, yeye alikuwa miongoni mwa waliokabidhiwa kuyachunguza.

Baada ya vita wataalamu walijifunza kuiotesha kwatsi kiwandani, ndani ya mitungi ya chuma yenye joto na shinikizo kubwa. Leo kwatsi itumikayo katika vyombo vya umeme ni hiyo ya kuoteshwa. Aliyekuwa na jiwe tu alipoteza soko lake, lakini aliyekuwa na elimu ya jiwe alibaki nalo.

Ndugu msomaji, mafunzo haya hayahitaji mfasiri. Kutoka visiwa vya Zanj hadi Basra, na kutoka Brazili hadi viwanda vya Marekani, jiwe lilisafiri likiwa ghafi na thamani ikaongezwa na mkono mwingine. Si kwamba mchimbaji ni mvivu. Jasho lake ni halali na heshima yake ni kubwa. Ila ujira mkubwa humwendea yule awezaye kuandika juu ya jiwe kile kinachofaa kutoka humo.

Hatuna budi basi kuanzia pale tulipo. Mwalimu na awapeleke wanafunzi wake mtoni, waokote mawe, wayapime kwa mizani na kwa maji kama alivyofanya al-Biruni. Gharama yake ni ndogo. Wachimbaji nao wafundishwe kulitambua na kulikata jiwe kabla ya kulipangia bei. Mtoto anayejua bilauri ilitoka wapi ndiye atakayekuwa mkadiriaji wa kesho, na mkadiriaji ndiye tuliyemkosa tangu siku za Basra.