Asilimia 10 ya Mapato ya Halmashauri: Fedha Inayopaswa Kurejeshwa Ili Imfikie Mwingine

Mfanyabiashara anayelipia leseni yake Tegeta, mchuuzi anayetoa ushuru sokoni Tandika na kampuni inayolipa ushuru wa huduma Chang'ombe wana jambo moja linalowaunganisha. Sehemu ya fedha wanayoilipa kwa halmashauri, kwa mujibu wa sheria, hutengwa kuwa mtaji wa watu ambao benki nyingi haziwakopeshi kwa urahisi: wanawake, vijana na watu wenye ulemavu waliojiunga katika vikundi vya uzalishaji mali.

Mpango huo unajulikana na wengi kwa jina la "mikopo ya asilimia 10". Msingi wake ni kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoongezwa mwaka 2018. Kabla ya hapo halmashauri zilikuwa zikielekezwa kutenga asilimia tano kwa wanawake na asilimia tano kwa vijana, lakini utekelezaji ulitegemea zaidi utashi wa kila halmashauri. Kuingizwa kwa suala hilo katika sheria kulileta mabadiliko matatu: utengaji wa fedha ulikuwa wa lazima, watu wenye ulemavu walipata fungu lao, na riba iliondolewa.

Mgawanyo uliopo ni asilimia nne kwa wanawake, asilimia nne kwa vijana na asilimia mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwa hesabu rahisi, katika kila shilingi milioni 100 za mapato ya ndani yasiyolindwa, yaani yale yasiyofungwa kisheria kwa matumizi maalumu, shilingi milioni 10 huingia katika mfuko wa mikopo. Kati ya hizo, milioni nne ni za wanawake, milioni nne za vijana na milioni mbili za watu wenye ulemavu. Hivyo halmashauri inapokusanya kidogo, mfuko nao hupungua. Na ushuru unapovuja, wanaopoteza si halmashauri pekee, bali pia kikundi kilichokuwa kikisubiri zamu yake.

Uzito wa suala hili katika Mkoa wa Dar es Salaam unaonekana katika idadi ya watu. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 mkoani humo, wakiwamo 1,346,674 wa Temeke na 982,328 wa Kinondoni. Sehemu kubwa ya ukuaji huo iko pembezoni: Bunju, Mabwepande na Wazo kwa upande wa Kinondoni; Mbagala, Chamazi na Toangoma kwa upande wa Temeke. Katika maeneo hayo familia nyingi huishi kwa biashara ndogo na kazi za mikono, kama vile mama lishe, wauza samaki wa kukaanga, mafundi cherehani, wachomeleaji, wafyatua matofali, wafugaji wa kuku na madereva wa bodaboda na bajaji.

Mtu wa aina hiyo anapohitaji mtaji wa haraka na hana hati ya nyumba wala hati ya mshahara, mara nyingi huangukia katika mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Kwa mfano, mkopo wa shilingi 500,000 wenye riba ya asilimia 20 kwa mwezi huzaa riba ya shilingi 100,000 kila mwezi. Baada ya miezi sita mkopaji atakuwa amelipa shilingi 600,000 za riba peke yake, na deni la msingi bado liko palepale. Biashara ya kuuza chapati au mboga haiwezi kubeba mzigo wa namna hiyo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikikopesha kidijiti bila leseni na kuwataka wananchi wajiepushe nazo. Mkopo wa halmashauri usio na riba ni moja ya njia halali za kumwepusha mwananchi na mtego huo.

Kwa nini mikopo ilisimamishwa

Pamoja na nia njema ya sheria, utekelezaji ulikumbwa na kasoro. Taarifa za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionesha fedha zisizorejeshwa, vikundi vilivyoacha biashara na vikundi hewa. Mwezi Aprili 2023 Serikali ilitangaza bungeni kusitisha utoaji wa mikopo hiyo ili kuandaa utaratibu mwingine. Fedha ziliendelea kutengwa, lakini hazikutolewa.

Usitishaji huo ulikuwa na gharama yake. Vikundi vilivyokuwa vimekamilisha maombi vilisubiri kwa zaidi ya mwaka mmoja, vikiwamo vile ambavyo havikuwa na kosa lolote. Jambo hilo linaonesha kwamba kikundi hewa hakiibii Serikali pekee. Hukifungia mlango pia kikundi halali cha mtaa wa jirani.

Mikopo ilirejeshwa kuanzia mwaka wa fedha 2024/25 chini ya kanuni mpya. Ofisi ya Rais – Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) ilieleza kuwa jumla ya shilingi bilioni 227.96 zilikuwa zimepangwa kwa ajili hiyo nchi nzima. Kati ya fedha hizo, shilingi bilioni 63.67 zilitokana na marejesho ya mikopo ya awali, bilioni 63.24 zilikuwa zimetengwa katika kipindi cha usitishaji, na bilioni 101.05 zilikuwa makadirio ya mwaka huo wa fedha. Kwa maneno mengine, zaidi ya robo ya mtaji wote ilitoka mikononi mwa waliokopa na kurudisha.

Wakati wa kurejeshwa kwa mikopo hiyo, halmashauri 10 zilichaguliwa kuanza kwa majaribio kutoa fedha kupitia benki, ikiwamo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo hadi Februari 2021 ilikuwa Manispaa ya Ilala. Halmashauri nyingine, zikiwamo Manispaa za Kinondoni na Temeke, ziliwekwa katika utaratibu ulioboreshwa unaosimamiwa na halmashauri zenyewe. Ndiyo sababu maelezo anayopewa mkazi wa Gongo la Mboto yanaweza kutofautiana na yale anayopewa mkazi wa Mbagala, ingawa sheria inayowaongoza ni moja na mikopo yote haina riba.

Hatua anazopitia mwombaji

Safari ya mkopo huanzia mtaani. Wanakikundi wanapaswa kuwa Watanzania wenye umri unaokubalika kikanuni, wasio na ajira rasmi, wanaofanya au wanaokusudia kufanya shughuli ya kujipatia kipato. Marekebisho ya kanuni ya mwaka 2021 yalishusha idadi ya chini ya wanakikundi kutoka 10 hadi watano kwa wanawake na vijana. Pia yaliruhusu mtu mmoja mwenye ulemavu kukopa bila kulazimika kutafuta wenzake.

Kikundi huandaa katiba, huchagua viongozi na kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Hatua inayofuata ni usajili, ambao sasa hufanyika kwa mfumo wa kielektroniki wa Wezesha Portal. Mfumo huo unasaidia kubaini mtu aliyejiandikisha katika vikundi viwili au zaidi, jambo lililokuwa gumu wakati taarifa zikitunzwa katika majalada.

Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ndiye kiungo kikuu katika hatua hizi. Yeye hutoa elimu, husaidia kikundi kuandaa andiko la mradi na kutembelea eneo la biashara ili kujiridhisha kuwa kikundi kipo. Viongozi wa Serikali ya Mtaa huwatambua waombaji kuwa ni wakazi wao. Maombi hupitiwa katika ngazi ya kata kabla ya kufikishwa halmashauri kwa uchambuzi na uamuzi.

Uhakiki wa ukazi ni jambo zito zaidi katika viunga vya jiji. Wakazi wengi ni wapangaji, na mpangaji anaweza kuhama kutoka Mbagala kwenda Chamazi, au kutoka Mwananyamala kwenda Bunju, ndani ya mwaka mmoja. Wanakikundi wawili kati ya watano wakihama, biashara ya pamoja hudhoofika na marejesho huyumba. Kwa sababu hiyo ni busara kikundi kuundwa na watu wanaofahamiana na wanaofanya kazi pamoja, badala ya watu waliokusanyana kwa sababu wamesikia kuna fedha.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kugawana mkopo. Kikundi kinapopata shilingi milioni tano kwa ajili ya mashine ya kusaga na wanachama watano wakagawana milioni moja kila mmoja, mradi ulioidhinishwa hufa siku hiyohiyo. Mmoja atalipa ada ya shule, mwingine kodi ya nyumba, na deni litabaki la wote.

Kosa la pili ni kuuchukulia mkopo kuwa ruzuku. Fedha hiyo si zawadi ya kiongozi wala ya chama chochote. Ni mapato ya wananchi yaliyokopeshwa kwa mkataba. Mkopo wa milioni tano ukirejeshwa kwa wakati, kikundi cha pili hupata milioni ileile tano bila halmashauri kusubiri makusanyo mapya. Usiporejeshwa, mnyororo hukatika.

Kosa la tatu ni kutoa fedha kwa mtu anayeahidi "kusukuma" maombi. Mwananchi anayeombwa malipo ya aina hiyo anapaswa kutoa taarifa kwa uongozi wa halmashauri au Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU).

Mkopo pekee hautoshi bila soko. Sheria za ununuzi wa umma zinaelekeza taasisi za Serikali kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa ajili ya makundi maalumu, wakiwamo wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoshona sare, kutengeneza madawati au kufanya usafi kinaweza kujisajili katika mfumo wa ununuzi wa NeST na kushindania zabuni hizo. Kikundi cha mafundi seremala cha Toangoma kilichonunua mashine kwa mkopo wa halmashauri kinaweza, kwa njia hiyo, kuuza madawati kwa shule zilizo katika halmashauri hiyohiyo na kulipa deni lake kwa faida iliyopatikana.

Uwazi ndio utakaolinda mafanikio ya mpango huu. Wananchi wana haki ya kuuliza katika mkutano wa hadhara wa mtaa ni vikundi gani vimekopeshwa, kwa shughuli gani, na vimerejesha kiasi gani. Madiwani nao wana wajibu wa kuhoji taarifa hizo katika Baraza, na halmashauri inawajibika kuzitoa. Kikundi hewa huota mizizi mahali ambapo hakuna anayeuliza.

Vikundi vinavyokusudia kuomba mkopo vinashauriwa kuanzia katika Ofisi ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, ambako maelezo kuhusu masharti, umri unaokubalika na nyaraka zinazohitajika hutolewa bila malipo. Vile ambavyo bado vina deni vinahimizwa kufika katika ofisi hiyohiyo, kueleza hali ya biashara na kukubaliana namna ya kukamilisha marejesho, kwa kuwa nyuma yao kipo kikundi kingine kinachosubiri.