Udhu wa kuruta

Kila mwaka majina ya vijana waliohitimu kidato cha sita yanapotangazwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, wazazi huanza kununua: bukta ya bluu, fulana ya kijani, raba, shuka, soksi ndefu nyeusi. Sisi tuliopitia kambini miaka ya 1980, kabla utaratibu wa lazima haujasitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, tuna swali kwa mzazi wa Kiislamu: je, mwanao anajua kutia udhu akiwa amevaa mabuti?

Si swali la mzaha. Kuruta hana saa yake. Filimbi hulia usiku ungali mzito, mchakamchaka ukaanza, na alfajiri huingia na kutoka katikati ya nyimbo. Wapo wenzetu walioanza kuilipa adhuhuri, na wapo walioona hata kulipa ni mzigo, wakidai kuwa mwanajeshi ana udhuru. Udhuru gani? Aya ya 102 ya Suratun-Nisaa imepanga namna ya kusali jamaa mbele ya adui, silaha zikiwa mkononi. Sembuse mbele ya koplo.

Aliyetutoa katika dhiki hiyo alikuwa kuruta mwenzetu, kijana mwembamba wa Unguja, aliyechekwa na kombania nzima kwa kushindwa kupanda kamba. Kumbe alikuwa amesoma fiqhi. Alitueleza kuwa buti la jeshi, maadamu ni tohara na linafunika vifundo vya miguu, huchukua hukumu ya khuffu: ukilivaa ukiwa na udhu kamili, udhu ukitenguka huna haja ya kulivua ili uoshe miguu. Utatawadha kama kawaida, na ukifika miguuni utapangusa juu ya buti kwa mkono uliolowa. Mkaazi ana ruhusa hiyo kwa mchana na usiku wake. Msafiri, siku tatu. Ukilivua, ruhusa imekwisha. Tangu hapo kikombe kimoja cha maji kilitutosha, na zile kamba ndefu za mabuti hazikutuchelewesha tena.

Ikabaki ruhusa ya afande. Alikuwa Mkristo, mwenye sauti ya kutetemesha bati. Alitusikiliza hadi mwisho, akauliza, "Dakika ngapi?" Tukajibu tano. Kuanzia kesho yake alitutoa safuni kila alfajiri, na waliobaki akawaongezea mzunguko mmoja wa uwanja hadi tutoe salamu. Walitulalamikia sana, nao walikuwa na haki.

Mwalimu wa madrasa ya mtaani anaweza kulifundisha somo la khuffu kwa nusu saa baada ya Isha, buti likiwa mbele yake. Kwa binti, mama aongeze begini doti moja ya kanga, ingawa haimo katika orodha. Dada zetu walijistiri kwa kanga hizo waliposali hangani.